Bomba, chujio au chupa: maji gani ya kunywa kwa nyumba ya Dar?

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama nyumba yako Dar es Salaam ina maji ya DAWASA, kunywa maji ya bomba yaliyochemshwa, au yaliyopita kwenye chujio la mshumaa wa kauri kisha yakatiwa dawa ya klorini. Mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kupitia utando unaozuia chumvi, ni ya wenye maji ya chumvi. Chupa ndogo zibaki za safari. Jagi la lita 18.9 lina nafasi yake ofisini, ila dispensa, kile kifaa chenye koki kinachopinduliwa jagi juu yake, isafishwe, jambo ambalo ni nadra kufanyika.

Maji ya bomba yanasemwa vibaya kuliko yanavyostahili. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Pale hutiwa dawa ya kugandisha tope, yakatuama, yakachujwa kwenye mchanga, mwisho yakatiwa klorini. Shida inaanza njiani. Wakati wa mgao bomba linabaki bila presha, na kila penye ufa uchafu wa nje unaweza kunyonywa ndani. Maji yakirudi, yanausukuma uchafu huo pamoja na kutu hadi kwako. Ndiyo maana yale ya kwanza huja na rangi ya chai. Funga valvu ya simtanki, fungua bomba la nje, kinga kwenye ndoo za choo na za kudekia mpaka yatakate, ndipo uruhusu tanki lijae.

Harufu ya klorini inayowakera wengi ni habari njema: dawa bado ipo. Ikikusumbua, weka maji kwenye jagi pana, funika kwa kitambaa safi, uyaache usiku kucha; itapungua yenyewe. Yasiyo na harufu kabisa baada ya wiki nzima kwenye simtanki ndiyo ya kutilia shaka, kwa sababu klorini imeisha na hakuna tena kinachoyalinda.

Simtanki lenyewe ndilo chanzo cha matatizo mengi yanayosingiziwa bomba. Mfuniko uliopasuka, bomba la kumwagia lisilo na wavu, na chini matope ya kidole kizima. Lioshe walau kila miezi 6. Toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi bila sabuni, suuza na umwage. Lijaze upya, na kwa tanki la lita 1,000 tia lita 1.5 za Jik ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Fungua kila bomba ndani ya nyumba hadi usikie harufu, funga, acha usiku mzima. Asubuhi mwaga yote. Maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi. Ukishajaza tena na harufu ikawa hafifu, tumia.

Kuchemsha

Ndiyo njia inayoua vijidudu vyote vinavyoleta kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na haihitaji kifaa kipya. Yakishatokota kweli kweli, dakika 1 inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000, acha dakika 3. Kuyachemsha robo saa ni kuchoma gesi bure.

Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni mpangilio. Watu wanachemsha, wanaacha yapoe, halafu wanayachuja kwa kitambaa kile kile kilichoning'inia jikoni tangu juzi. Hapo umeyarudishia vijidudu ulivyokwisha kuviua. Kitambaa kinatangulia, moto unafuata. Baada ya moto maji yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo ikiwa na mfuniko, kisha yamiminwe moja kwa moja kwenye ndoo yenye koki. Ndoo ya kuchota kwa kikombe haifai, hata kikombe kiwe kinaoshwa vipi, kwa sababu vidole vinaingia pamoja nacho.

Kuchemsha hakutoi chumvi, floraidi wala naitreti. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo vinabaki na kukolea zaidi.

Dawa

Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji maangavu. Tumbukiza, koroga, funika, subiri dakika 30. Soma pakiti kabla, maana vipo vya ukubwa mwingine. Maji yenye tope hula dawa kabla haijafika kwenye vijidudu, kwa hiyo yatuamishe kwanza, kwa shabu kidogo ikibidi, uyahamishe bila kutibua chini, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie kidonge. Faida kubwa ya dawa ni kwamba inaendelea kulinda maji ndani ya ndoo. Moto hauna uwezo huo. Kasoro yake: kuna vimelea, hasa kriptosporidiamu, visivyojali klorini ya kipimo hicho. Hapo ndipo mshumaa unaposaidia.

Chujio la mshumaa

Hiki ndicho kifaa tunachokipenda kuliko vyote kwa bei yake, na ndicho kinachotunzwa vibaya kuliko vyote. Ni ndoo mbili zilizopandana, za plastiki au za chuma kisichoshika kutu, na ndani ya ya juu mishumaa ya kauri 1 hadi 4. Kila mshumaa hutoa kama lita 1 hadi 2 kwa saa ukiwa msafi. Familia ya watu watano inayohitaji lita 10 kwa siku inatoshwa na mishumaa miwili. Tope, bakteria na vimelea wakubwa wanabaki nje ya kauri. Virusi ni vidogo mno, vingi vinapita. Kwa sababu hiyo tunasisitiza dawa kwenye ndoo ya chini, au moto.

Kinachoharibika kwanza mara nyingi si kauri. Ni washa, yaani zile pete za mpira. Mshumaa unapofungwa, washa moja inakaa juu ya sakafu ya ndoo na nyingine chini, kisha nati. Ikikazwa kupita kiasi, shina la plastiki linapasuka. Ikiachwa legelege, maji machafu yanapita pembeni na kushuka chini bila kuchujwa, na wewe unafurahia kwamba chujio lako lina kasi. Chujio lililoanza ghafla kutoa maji haraka ni chujio bovu. Kupima ni rahisi: fungua mshumaa, uloweke hadi ushibe maji, uzamishe kwenye beseni, puliza taratibu kupitia kipande cha mpira safi kilichovishwa kwenye shina. Viputo vikitoka kwa msururu sehemu moja, iwe kwenye ufa au pale kauri ilipogundishwa na plastiki, tupa. Usijaribu kuziba kwa gundi. Kwenye ndoo, pima kwa kutia rangi ya chakula juu ya washa na kutazama kama inashuka upesi chini.

Kasi ikipungua, sugua kauri kwa brashi laini chini ya maji, bila sabuni, kwa sababu sabuni inaingia kwenye vitundu na kukaa humo. Osha mikono kwanza, na usiishike mahali maji safi yanapotokea. Kila ukisugua, kauri inapungua unene. Watengenezaji wengi wanataka mshumaa ubadilishwe ndani ya miezi 6 hadi 12. Maji ya moto usimimine, gundi ya chini inaachia. Na ndoo ya chini ioshwe kila wiki pamoja na koki yake, ambayo ndani yake hujenga utelezi usioonekana mpaka uifungue.

Tusichanganye chujio hili na jagi la mezani lenye katriji ya mkaa. Lile linaondoa harufu na ladha ya klorini tu. Vijidudu vinapita, na ukishaondoa klorini umevipa nafasi nzuri ya kuzaliana. Kwa maji ya Dar peke yake halifai.

Mashine ya RO

Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi, kama vilivyo vingi ukanda wa pwani, hii ndiyo suluhisho la jikoni. Mashine ya kawaida ina hatua tano: katriji ya nyuzi ya mikroni 5 kwa tope, mbili za mkaa, membreni (ule utando unaozuia chumvi), na mkaa mdogo wa mwisho kwa ladha. Mkaa unawekwa kabla kwa sababu klorini huiharibu membreni. Inahitaji presha ya takriban bar 3, na simtanki lililoinuliwa mita 6 linatoa bar 0.6 tu, hivyo nunua yenye pampu, na umeme ukikatika ujue unatumia kilichobaki kwenye tanki dogo. Kwa kila lita 1 inayonyweka, lita 2 hadi 4 zinatupwa. Elekeza mpira wa maji hayo ya kutupwa kwenye ndoo ya kudekia. Katriji ya tope hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, mkaa miezi 6 hadi 12, membreni miaka 2 hadi 3. Kabla ya kununua uliza duka kama katriji hizo zipo leo na bei zake. Maji yakianza kuchuruzika kidogo ilhali tanki ni zito, presha ya hewa ya tanki imekwisha: litoe maji yote, ulijaze hewa kwa pampu ya baiskeli hadi psi 7.

Sasa ule mchezo wa wauzaji. Anakuja na glasi mbili, moja ya maji yako, nyingine ya RO, na kidude chenye vijiti vya chuma kinachochomekwa kwenye umeme. Baada ya dakika moja glasi yako inakuwa kahawia yenye mapovu, ya RO inabaki safi. Watu wanalipa palepale. Kilichotokea ni kwamba madini ya kawaida ndani ya maji yako yanapitisha umeme, na umeme unayeyusha vile vijiti. Ile kahawia ni kutu ya kidude chake mwenyewe. Mwombe atie chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi ya RO arudie. Itageuka vile vile.

Kidude cha TDS nacho kisikutishe wala kukutuliza. Kinapima jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita. Chini ya 600 ladha kwa kawaida ni nzuri. Ikivuka 1,000 wengi hawayapendi. Vijidudu hakivioni: maji yenye TDS 40 yanaweza kukulaza hospitali. Kazi yake halali ni kukuonyesha membreni imechoka. Ikiwa maji yanaingia na 1,500 na kutoka na 90, iko sawa. Yakitoka na 400, badilisha.

Chupa na jagi

Kwenye chupa ndogo tazama alama ya TBS, namba ya toleo, tarehe, na pete ya kifuniko: lazima ikatike mkononi mwako. Ikiwa imeshaachana, huenda chupa imejazwa upya. Zilizoanikwa juani mbele ya duka ziache, plastiki ya moto inaharibu ladha.

Jagi ni nafuu zaidi kwa lita, lakini dispensa ndiyo inayoyachafua. Kila jagi linapopinduliwa, shingo yake inazama ndani ya maji. Ifute kwanza kwa kitambaa chenye dawa. Kila miezi 3 chomoa umeme, toa maji yote, tia mililita 15 za Jik isiyo na manukato kwenye lita 5 za maji, jaza tanki la ndani, pitisha kwenye koki zote, acha dakika 10, mwaga, suuza hadi harufu iishe.

Hesabu ya familia ya watu watano, lita 300 kwa mwezi: chupa ya lita 1.5 ikiwa shilingi 1,000, ni shilingi 200,000. Jagi likiwa shilingi 4,000, majagi 16 ni 64,000. Kuchemsha kwa birika la umeme lita 10 kwa siku kunakula takriban uniti 1, yaani uniti 30 kwa mwezi. Anayepata uniti 28 kwa shilingi 10,000 atalipa kama 10,700. Ila ukiwa kwenye daraja la chini la LUKU, lisilotakiwa kuvuka uniti 75, uniti 30 za birika zinaweza kukutoa humo, na hasara yake itakuwa kwenye umeme wa nyumba nzima. Hapo chemshia gesi: weka makadirio ya kilo 4 kwa mwezi.

Yote haya ni ya Dar. Wa Arusha na Manyara wana adui mwingine, floraidi, inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi sana kuumiza mifupa. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Moto, klorini na mshumaa haviigusi. RO inaipunguza, na mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, nao pia, mradi ubadilishwe unapochoka. Kabla hujalipia chochote, peleka sampuli maabara ya Wizara ya Maji iliyo karibu nawe. Kwa kipimo cha vijidudu omba chupa yao iliyotakaswa, usiisuuze, na uifikishe siku hiyo hiyo ikiwa kwenye barafu.