Botox ya taya: nampa daktari nyota, yule wa mapokezi simpi kitu

Nyota moja. Hapana, tuseme mbili, maana daktari mwenyewe hana kosa, ila yule dada wa mapokezi Mungu anamwona.

Taya langu la kulia limenitesa muda mrefu, ukifungua mdomo linalia ta, ukipiga miayo unatubu dhambi zote, asubuhi panja zinagonga. Na kazi yangu ni kliaringi, kupitisha mizigo ya watu forodhani pale mpakani Malaba, kutwa kubishana na madereva kwenye simu, sasa mtu wa mdomo akiumwa taya atakula wapi? Daktari wa meno akasema nasaga meno usiku, akanitengenezea kile kiplastiki cha kulalia, nikakitafuna mpaka kikatoboka. Diklofenaki nikameza mpaka tumbo nalo likagoma. Mwisho akasema kuna sindano inalegeza msuli wa kutafuna, Botox, nenda Kampala kwenye kliniki fulani ya urembo, wao ndio wanachoma.

Basi nimefika, viti vimejaa wadada wananukia vizuri, nasema kwa sauti ya chini nimekuja kwa ile sindano. Yule dada ananitazama usoni, anapaza sauti: "Jjajja, unataka kutoa hayo makunyanzi?" Jjajja! Mimi babu! Mtoto wangu wa kwanza bado anasoma Makerere! Watu wote wakageuka. Nikasema ni taya, akasema "aaa, unataka sura iwe nyembamba" na akaandika hivyo hivyo kwenye fomu, nikasema ni MAUMIVU, akamgeukia mwenzake wakacheka kwa Luganda, eti mtu akiongea Kiswahili basi Luganda hasikii. Nilisikia yote bibi, hata lile la tumbo langu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hii dawa wala haikuanza na makunyanzi. Marekani waliipitisha 1989 kwa wenye makengeza na wale ambao kope zinakaza zenyewe, makunyanzi yakaja 2002, kipandauso sugu 2010. Kwa hiyo wagonjwa ndio wenyeji humo, warembo ndio wageni, na mgeni ndiye ananicheka! Kweli taya halimo kwenye kibali chao, daktari alinieleza bila kuficha kwamba wanaitumia nje ya kibali, kuna inaowasaidia na kuna inaowaacha vile vile. Kwa hilo namheshimu.

Kuchomwa kwenyewe si kitu. Uma meno kwa nguvu, anapapasa pale msuli unapovimba, anaweka alama, anachoma kila upande na kidogo kwenye panja, unasikia kama siafu, umemaliza. Kinachouma ni bili, wanahesabu kwa yuniti, tena kwa dola, Uganda hii hii, shilingi tunazo za nini?

Siku za kwanza hakuna kitu, nikatukana kliniki nzima. Halafu wiki ya pili hivi nikaamka kichwa chepesi, taya kimya, nikakaa kitandani nasubiri maumivu na hayaji. Wallahi nilitaka kuwapigia niwashukuru. Ila muchomo sasa unautafuna mpaka unachoka kabla hujashiba, na nikicheka mdomo unaenda upande mmoja, madereva wakaanza kuulizana kama mzee amepigwa stroku. Nikapiga simu kliniki, nani anapokea? Yeye! "Jjajja subiri tu kitarudi, kwani una harusi?" Akakata.

Jioni daktari akanipigia mwenyewe, akasema dawa imegusa msuli wa kucheka, itaisha yenyewe, na baada ya wiki kadhaa iliisha kweli. Kwa hiyo dawa nyota nne jamani, niwe mkweli, hata zile mbili za juu ni hasira. Ya tano naishika kwa sababu haidumu, miezi mitatu au minne hivi basi, na daktari wa meno ananionya nisiizoee maana wataalamu wana wasiwasi kwamba msuli ukilala sana hata mfupa wa taya unaweza kupungua.

Sasa hivi ta imeanza tena. Nitarudi, nifanyeje, ila safari hii nauliza kwanza yule dada yuko zamu gani, na fomu naijaza kwa mkono wangu.