Saa ya Ukutani Inayojirekebisha Yenyewe: Tathmini Baada ya Miaka Miwili Minneapolis

Saa hii niliinunua kwa sababu moja tu: nilichoka kupanda juu ya kiti mara mbili kwa mwaka ili kusogeza mishale, kwani hapa Marekani saa husogezwa mbele kwa saa moja mwezi Machi na kurudishwa nyuma mwezi Novemba, ili kuokoa mwanga wa mchana. Ni ya duara, ya plastiki nyeusi, inatumia betri moja, na ndani yake mna kipokezi kinachonasa mawimbi ya redio ya kilohezi 60 kutoka kituo cha serikali ya Marekani kiitwacho WWVB, karibu na Fort Collins, Colorado. Mawimbi hayo hubeba saa sahihi pamoja na alama inayoonyesha kama nchi imo katika saa za majira ya joto, yaani zile zilizosogezwa mbele, hivyo kazi ya mwenye nyumba ni kuchagua ukanda wake wa saa, basi.

Kwa usahihi wake wa kila siku sina lawama. Ilinivunja moyo usiku ule hasa nilioinunulia. Katika Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku inapogeuka ghafla kuwa saa tisa, niliikuta asubuhi ikiwa nyuma kwa saa nzima, na haikujirekebisha hadi usiku uliofuata. Kosa lilikuwa langu kwa kiasi fulani, kwa kuwa nilikuwa nimeitundika juu ya jokofu, kwenye ukuta wa ndani. Tangu niihamishie karibu na dirisha linaloelekea kusini-magharibi, upande iliko Colorado, haijakosea tena. Karatasi ya maelezo inaligusia jambo hili kwa sentensi moja, kwa herufi zinazohitaji miwani.

Kuna mambo ambayo saa hii haiwezi kuyarekebisha, nayo ndiyo yanayonifanya niufikirie utaratibu wenyewe. Nafanya zamu ya usiku katika makao ya wazee, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Usiku ule wa Machi zamu huwa ya saa saba, na ule wa Novemba huwa ya saa tisa. Mzee aliyezoea kuamka na kupewa dawa kwa wakati wake hajui kwamba mishale imeruka, na huchukua siku kadhaa kabla hajakubali kifungua kinywa bila manung'uniko. Kwa upande mwingine, mwezi wa Juni jua la hapa huzama karibu saa tatu usiku. Najua kauli hiyo inachekesha kwa Kiswahili, kwa kuwa sisi huhesabu saa kwa kufuata mchana na usiku wenyewe, lakini watoto wangu hucheza nje hadi wakati huo, na bila kusogeza saa mbele jua lingechomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri na kuwaangazia waliolala. Nairobi, ambako mchana ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna mwanga wa kuokoa. Hapa upo, na ndiyo maana siungi mkono wanaotaka utaratibu huu ufutwe.

Nisilolikubali ni hoja kwamba kila jiji lijiamulie lenyewe. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa papa hapa. Mwezi Mei 1965 jiji la St. Paul lilisogeza saa zake mbele mapema ili liende sambamba na sehemu kubwa ya nchi, ilhali Minneapolis, jirani yake wa bega kwa bega, ilisubiri tarehe iliyowekwa na sheria ya jimbo la Minnesota. Kwa majuma mawili, aliyetoka jiji moja kwenda kazini katika jiji la pili alipishana na saa yake njiani. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utaratibu mmoja wa kusogeza saa kwa wote: jimbo linaweza kujitoa, kama Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona, lakini jiji haliwezi.

Saa yangu ilinifundisha sababu. Nyuma yake ina swichi ndogo ya kuzima saa za majira ya joto, ambayo huenda imewekwa kwa ajili ya watu wa Arizona. Nilipobadilisha betri mwezi Aprili niliigusa bila kujua, na kwa siku mbili nyumba yetu ikaishi saa moja nyuma ya jiji zima. Mwanangu akakosa basi la shule, nami nikampigia mama simu Nairobi wakati amekwisha kulala. Swichi ya namna hiyo ilistahili kifuniko.

Naipa nyota nne kati ya tano, nayo swichi nimeibandika utepe wa gundi.