Sanduku la mawimbi ya kemikali: dawa nzuri, maelezo yamepotoka

Kwa mwalimu wa kemia anayetaka kuonyesha mmenyuko wa Belousov–Zhabotinsky, ambao rangi yake hubadilika na kurudi kwa zamu na kuchora mawimbi, sanduku hili linastahili kununuliwa. Kubwa zaidi ni kwamba sodiamu bromati imekuja tayari ndani ya asidi ya salfuriki, hivyo hakuna anayezimua asidi kali mbele ya wanafunzi. Zilizobaki ni sodiamu bromidi, asidi ya maloniki, feroini (kiashiria chekundu kinachogeuka buluu) na sahani za petri za milimita 90.

Vipimo ni sahihi: mililita 6 za bromati, 0.5 za bromidi, 1 ya asidi ya maloniki. Mchanganyiko hugeuka kahawia, nayo ni bromini, kwa hiyo vaa miwani na fungua madirisha. Subiri ukahawia uishe kabisa, maana hapo ndipo asidi ya bromomaloniki inapoundwa, na bila hiyo mzunguko hauna kitu cha kurudisha bromidi. Kisha tia mililita 1 ya feroini, mimina kwenye sahani, usiguse tena. Katika tabaka jembamba jekundu huchomoza vitone vya buluu vinavyotanuka kuwa pete. Ukizivuruga kidogo kwa ncha safi, pete zilizokatika hujikunja kuwa mizunguko kama ya gamba la konokono.

Pete zisipotokea, shuku maji kwanza. Kloridi kidogo tu ya maji ya bomba, hata jasho la kidole, huzima mawimbi. Suuza vyombo kwa maji yaliyokenekwa. Mapovu ya kaboni dayoksaidi nayo huvuruga picha baada ya muda. Tikisa taratibu, pete zitaanza upya.

Kijikaratasi cha maelezo ndicho kibovu. Kinadai mmenyuko unapita msawazo, yaani hali ambapo hakuna tena badiliko la jumla, na kurudi, kama bembea. Sivyo hata kidogo! Nishati huru ya Gibbs, kipimo cha uwezo wa mmenyuko kuendelea wenyewe, inashuka muda wote. Kinachopanda na kushuka ni viwango vya kemikali za kati, zinazoundwa na kutumika njiani, mbali na msawazo. Dhana hiyohiyo potofu ndiyo iliyomfanya mkemia Mrusi Boris Belousov, mgunduzi wa mmenyuko huu, akataliwe makala yake mwaka 1951, ilhali baadaye mkemia Ilya Prigogine alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1977 kwa kazi juu ya mifumo ya namna hii. Sahani haipokei malighafi mpya, ndiyo maana mawimbi hufifia. Kuyadumisha kunahitaji chombo kinachoingiziwa dawa na kutoa taka bila kukoma, na pampu ya kazi hiyo haimo.

Sodiamu thiosalfeti ya kuua bromini iliyobaki pia haimo. Inunuliwe kabla ya kufungua chupa ya kwanza.