Zaburi ya 23 au nguzo ya moto?

Katika darasa letu la shule ya Jumapili hapa Dunga, Kisumu, nimejaribu njia mbili za kuwafunza watoto jinsi Mungu anavyotuongoza na kututunza.

Zaburi ya 23, "Bwana ndiye mchungaji wangu", hushikika upesi: mistari 6 tu. Shida ni gongo na fimbo. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani huyo mchungaji anachapa kondoo?" Ikabidi nieleze kwamba gongo ni la kufukuzia mnyama mkali. (Hawa ni watoto wa ziwani, mbuzi wanaowajua hujichunga wenyewe barabarani.)

Kutoka 13 haina usumbufu huo: Mungu anawaongoza Waisraeli jangwani kwa nguzo ya wingu mchana, ya moto usiku. Baba zao huvua omena (dagaa) kwa taa, hasa mwezi usipokuwepo, na giza likiingia unaziona zimetapakaa majini kama mji. Nilipouliza nani akiziona hulala bila wasiwasi, mikono yote ikainuka. Ila kisa hakikaririki, na mtoto anayeamka usiku na hofu anataka maneno ya kutamka.

Kwa wadogo mimi huanza na moto. Zaburi inafuata, gongo nikiliacha kwanza.