Bloom kwa vitabu vya Kidigo: programu nzuri, ukijua pa kukiweka Kiswahili

Bloom ni programu ya bure ya kompyuta ya kutengenezea vitabu vya watoto. Imeundwa na SIL, shirika la kimataifa la lugha, kwa ajili ya lugha ambazo wachapishaji hawazigusi, kwa kuwa wanunuzi ni wachache na gharama za kiwandani hazirudi. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: vitabu vya kujifunzia kusoma kwa Kidigo, kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Kidigo kinazungumzwa Kwale upande wa Kenya na Tanga upande wa Tanzania, na kwa programu kama hii ni mtihani mgumu kuliko lugha nyingi. Kinakaribiana mno na Kiswahili, na Kiswahili ndicho chenye nguvu shuleni, sokoni na redioni. Mtoto akipata upenyo kidogo tu, atasoma Kiswahili na kukiruka Kidigo.

Kwa kazi hiyo Bloom inapita. Mwalimu mwenye laptop moja na mahali pa kupigia fotokopi anaweza kutoa kijitabu chenye sura ya kitabu, picha zimekaa sawa na kurasa zimepangika zenyewe. Matatizo makubwa yanatokana na mipangilio ambayo programu inaileta yenyewe na wengi huikubali bila kuuliza.

Tuanze na usajili wa lugha. Ukifungua mkusanyo mpya, yaani kundi la vitabu vyenu ndani ya programu, utaulizwa lugha ya kwanza. Tafuta Digo, hakikisha msimbo uliochaguliwa ni dig, kisha endelea. Ipo nafasi ya kujaza lugha isiyo kwenye orodha. Usiitumie kwa Kidigo. Kitabu kilichosajiliwa bila msimbo sahihi kikipakiwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya Bloom hakitaonekana kwa anayetafuta vitabu vya lugha hiyo. Kiswahili kiweke lugha ya pili. Fonti iwe Andika, ambayo a na g zake zinafanana na zile mwalimu anazoandika ubaoni.

Herufi ndizo zinazotaka subira. Bloom ina kifaa cha kutengeneza vitabu kwa hatua za herufi: kila hatua inaongeza herufi chache, na neno lolote ambalo mtoto wa hatua hiyo hawezi kulisoma linatiwa alama unapoandika. Ni kifaa bora kabisa, ila kinategemea orodha ya herufi unayokipa. Kidigo kina ph, ts na dz, na kila moja lazima iorodheshwe kama herufi moja, pamoja na ch, sh, ny na ng'. Ukiisahau ph, programu italivunja neno kuphiya, yaani kwenda, liwe na p na h mbalimbali, kisha itakwambia kwamba mtoto aliyefundishwa p na h yuko tayari kulisoma. Hayuko tayari. Sauti ile hutolewa kwa kuisogeza midomo yote miwili na kuachia pumzi ipite katikati, na mtoto anayetamka p kisha h halifikii neno analolijua kutoka nyumbani. Madzi (maji) na tsi (ardhi) yataharibika vivyo hivyo.

Ng' ina balaa lake. Alama ya ritifaa inayotokea ukibonyeza kitufe cha kawaida mara nyingi huhesabiwa na kompyuta kuwa alama ya kunukuu, na neno linaweza kukatwa papo hapo. Chagueni ritifaa moja mapema, ile inayohesabiwa kuwa herufi, na kila anayechapa aitumie hiyohiyo. Wanaoandika Gĩkũyũ na Kĩkamba wana shida ya jamaa moja: ĩ inaweza kuandikwa kama herufi moja kamili, au kama i iliyobandikwa alama juu. Kwenye karatasi hazitofautiani, lakini kwa kompyuta ni vitu viwili, na orodha ya maneno hujaa marudio. Ndani ya Bloom ukishikilia kitufe cha i au u bila kukiachia, herufi zenye alama hujitokeza uchague.

Baada ya herufi, lisha programu maandishi ya Kidigo: faili za maandishi matupu, ziwekwe kwenye kabrasha la sampuli la mkusanyo wenu. Kutoka humo Bloom huchota maneno yanayofaa kila hatua. Maneno mia mbili tatu hayatoshi. Hatua za mwanzo zitabaki karibu tupu. Chapeni hadithi na mahojiano ya wazee, kisha mjaribu. Hatua ya kwanza yenye a, u, m, t, k na l tayari inatoa mutu (mtu), atu (watu) na kukala (kukaa), na hapo unaweza kuanza kuunda sentensi. Mwalimu aliyezoea kufundisha a-e-i-o-u halafu ba-be-bi-bo-bu atashangaa, maana kifaa kinahesabu herufi na hakijui silabi. Njia ya kupatanisha ni kuongeza konsonanti moja kila hatua mara tu irabu zote zinapokamilika, ili silabi zake zote ziingie kwa pamoja.

Kifaa cha pili kinaweka ukomo wa maneno kwa ukurasa na kwa sentensi. Hapo punguza kwa ujasiri. Kitenzi kimoja cha Kibantu hubeba mtendaji, wakati na mtendwa, na neno kama tutawapelekea ni kazi nzito kwa msomaji wa mwezi wa kwanza, ingawa programu inalihesabu kuwa moja tu.

Sasa Kiswahili. Bloom inaruhusu ukurasa uonyeshe lugha mbili au tatu, na kwa mashirika mengi hilo ndilo linalovutia: Kidigo juu, Kiswahili chini, kila mtu karidhika. Kwa kitabu cha kujifunzia kusoma, ni kosa. Mtoto anafundishwa silabi za Kiswahili karibu kila siku na za Kidigo kwa vipindi vichache kwa wiki, kwa hiyo jicho linashuka kwenye mstari anaoujua. Anaisoma hadithi yote bila kukutana na dz hata mara moja, na mwalimu anadhani kipindi kimefaulu. Isitoshe, nafasi inagawanywa mara mbili, maandishi yanafurika, na Bloom inayatia rangi nyekundu. Mtengenezaji anapunguza ukubwa wa herufi, na kwa kuwa mtindo ni mmoja, kitabu kizima kinapungua. Mtoto wa Gredi ya 1 anaishia na herufi za gazeti.

Dawa imo ndani ya programu hiyohiyo. Faili moja inahifadhi lugha zote, nawe unachagua ipi ionekane. Toa toleo la Kidigo tupu kwa mtoto, halafu ubadilishe chaguo utoe la Kiswahili kwa mwalimu mgeni au mzazi asiyejua Kidigo. Wanaotetea kurasa za lugha mbili husema zinamsaidia mzazi. Ni kweli, na toleo la pili linamtosha.

Kiswahili kinaingia pia kwa mlango wa tafsiri. Bloom ina maelfu ya hadithi zilizo tayari kutafsiriwa; unapoandika, matini ya asili inakaa pembeni ya kisanduku chako. Matini hiyo ikiwa ya Kiswahili, mtafsiri anaona kwenda na maji, na mkono unaandika kwenda na maji, kwa sababu kila Mdigo anayaelewa. Kuphiya na madzi yanatoweka hadithi hadi hadithi. Fanyeni hivi: angalieni picha, mtu mmoja aisimulie hadithi kwa Kidigo akirekodiwa, iandikwe kutoka kwenye sauti, ndipo matini ya asili ifunguliwe kukagua kama kuna tukio limeachwa. Inachukua muda zaidi, na ndiyo tofauti kati ya kitabu cha Kidigo na Kiswahili kilichovaa viambishi vya Kidigo. Picha nazo zibadilishwe pale ambapo nyumba, nguo au chakula ni vya kwingine.

Uchapishaji ni rahisi. Chagua A5, toa PDF mbili, moja ya jalada na moja ya ndani, piga kwenye A4 pande zote mbili kwa kugeuza upande mfupi. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4, kwa hiyo kurasa za ndani 8 ni karatasi 2, jalada la karatasi nene ni ya 3, na pini mbili katikati. Kurasa zisizogawika kwa 4 huacha nyuma kurasa tupu. Ukigeuza upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Sauti hurekodiwa sentensi kwa sentensi, na ukikosea unarudia hiyo tu. Nukta ndiyo inayokata, kwa hiyo vifupisho vyenye nukta viandikwe kwa kirefu. Kitabu kinahamishiwa kwenye simu ya Android kwa Wi-Fi au waya, na kinasomwa bila intaneti. Simu ni ya kusomea; kazi ya kutengeneza inataka kompyuta.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, lakini kitabu cha darasani bado kinahitaji idhini ya KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, hata kikiwa cha ziada tu. Ng'ambo ya mpaka, shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili na ratiba haina kipindi cha Kidigo. Huko toleo la simu lenye sauti lina maana kuliko karatasi, kwa sababu kusoma kutafanyika nyumbani, pengine na bibi ambaye hajawahi kuiona lugha yake imeandikwa. Rekodini taratibu, kwa sauti ya mtu wa huko huko.