Nilivyoliona onyesho la Michael Armitage London

Tiketi ilikuwa ya saa maalumu, barakoa ni lazima, na ukumbini watu wa kuhesabika, maana Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye lokdauni. Hivyo ndivyo nilivyoliona onyesho la mchoraji Michael Armitage, Paradise Edict, katika Royal Academy, jumba la sanaa la London, kiangazi cha 2021. Uchache ule wa watu ulinifaa. Picha zake ni kubwa, zimejaa watu, na kila moja inakutaka urudi nyuma hatua kadhaa kisha usogee tena.

Kwa asiyemjua: amezaliwa Nairobi 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza wa Yorkshire, na sanaa ameisomea huko huko London. Nilikuwa nimeziona picha zake kwenye simu tu, nikadhani ufundi wake wote uko kwenye rangi, zile waridi na zambarau na kijani cha mgomba. Ukisimama mbele yake unagundua kitu ambacho simu haionyeshi, nacho ni matundu.

Armitage hachori kwenye turubai. Anachora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda huibanja kwa nyundo za mbao mpaka ilainike. Ni nguo ya sherehe za wafalme, na pia ndiyo wanayozikia wafu wao. Yeye aliikuta Nairobi sokoni, ikiuzwa kwa watalii. Gome halinyooki hata ulifanyeje: lina makovu na mikunjo, na palipochanika pameshonwa kwa mkono, mishono minene inayoonekana hata kwa mbali. Niliinama karibu mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Rangi imepita juu ya mshono kama haukuwepo, halafu ikifika kwenye tundu inakatika, na tundu limeachwa lilivyo. Mganda akiingia mle ndani, nadhani hatahitaji kuelezwa kwa nini picha za fujo na vifo zimechorwa juu ya sanda.

Kiini cha onyesho ni uchaguzi wa Kenya wa 2017. Armitage alifuatana na waandishi wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na kutoka huko likazaliwa kundi zima la picha. Iliyonishika ni The Fourth Estate. Watu wamekwea mti, wamejipanga matawini, na kati yao kuna bango lenye sura ya chura. Mpangilio wa watu juu ya tawi ameuazima kwa Goya, Mhispania wa zamani, na wajuzi wa sanaa hupenda kuanzia hapo. Jirani yangu pale ukumbini alikuwa anamweleza mwenzake kwamba ile ni ndoto, kwamba kila kitu mle ni ishara. Nilitamani kumwambia: bwana, kwetu mkutano wa siasa usio na watu juu ya mti haujafana. Watu huja na matawi, vuvuzela, filimbi na majeneza ya kejeli. Anayeyaona hayo kwa mara ya kwanza atasema mchoraji ana njozi. Sisi tumeyaona kwenye taarifa ya saa moja.

Sasa lawama yangu, na ni ya msanii mwenyewe. Rangi zake zinatamanisha mno. Mwaka ule watu walipigwa risasi Kisumu na Mathare, na mimi hapa nimesimama nasifia zambarau. Kwa muda sikujua kama nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe. Anaufanya mchezo huu makusudi, tena si kwenye siasa tu. Picha yake ya 2015, #mydressmychoice, inatokana na mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi mwaka 2014 kwa madai kwamba amevaa vibaya. Amemlaza ubavu, uchi, ametupa mgongo, mkao ule ule wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aliyechorwa na Velázquez, Mhispania mwingine wa zamani, kwenye picha iliyoko jumba la National Gallery, mwendo mfupi tu kutoka hapo Royal Academy. Unaanza kwa kutazama mwili, ndipo unapoiona miguu ya wanaume waliomzunguka, na unajikuta umesimama upande wao. Ni hila, lakini ni hila iliyofikiriwa sana.

Kilichonifurahisha bila shaka yoyote ni kwamba hakuja peke yake. Sehemu ya onyesho aliwaachia wasanii sita wa Afrika Mashariki waliomlea kwa macho: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu, Meek Gichugu na Asaph Ng'ethe Macua. Picha za Katarikawe, dereva wa Uganda aliyejifunza mwenyewe kuchora, nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyopanga. Za Gichugu zinatisha kidogo, na hapo ndipo unapoona kwamba uchoraji wa njozi Nairobi ulikuwepo kabla ya Armitage kushika brashi.

Onyesho lilifungwa Septemba 2021. Kwa walioko nyumbani, Armitage ameanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, ambayo ilifungua ukumbi wake Januari 2022 kwa onyesho la Sane Wadu. Kazi zake mwenyewe mkizipata popote, zitazameni ana kwa ana, msitegemee simu. Mwenye watoto wadogo azitazame kwanza peke yake, maana uchi ni mwingi na baadhi ya picha zina ukatili usiofichwa.