Pesa ya riwaya moja: ununue gani Lubumbashi?

Mwaka wa shule ukikaribia kwisha, hakosi mtu wa kuniuliza: "Yaya, nataka kununua riwaya moja nzuri. Ninunue gani?" Neno zito hapo ni "moja". Kitabu kipya mjini kwetu si bei ya mkate, na anayeuliza huwa ameweka pesa kando wiki nyingi. Kwa hiyo simjibu haraka. Namuuliza kwanza: nyumbani mko wangapi, na nani mwingine atakisoma?

Hicho ndicho kipimo changu katika orodha hii. Nimetanguliza riwaya itakayopita mikono mingi ndani ya nyumba moja. Nilikulia Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, na mama yangu alisoma miaka minne tu ya shule ya msingi. Kifaransa hakikumwingia. Lakini jioni umeme ukikatika nilimsomea kwa sauti huku yeye akimenya karanga kwa mwanga wa mshumaa, na majirani wawili watatu wakisogeza viti. Kitabu kimoja kilikuwa kinasikilizwa na watu sita. Ndiyo sababu riwaya za Kiswahili zimekaa juu hapa, ingawa rafu za maduka yetu zimejaa Kifaransa.

Wapo wanaosema Kiswahili cha Dar es Salaam na Unguja si chetu. Ni kweli, sisi tunasema "batu" na "bintu", na sarufi yao hutupa shida. Lakini kurasa 20 za kwanza ndizo ngumu. Mama alikuwa akinikatiza kila mstari, "Anasema je apo?", na siku ya tatu akaacha kuuliza.

1. Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi (1971)

Ikiwa pesa ni ya kitabu kimoja tu, nunua hiki. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na Kiswahili chake ni cha bara: sentensi fupi, maneno ya kila siku, hakuna mapambo. Msomaji wa Lubumbashi anakiingia bila ngazi.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi, na kwa mabinti zake ni mkali kupita kiasi. Barua moja ya mvulana inatosha kumletea Rosa kipigo. Kisha anakwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, na hapo ndipo tunaona kwamba nyumbani hakufundishwa kitu kingine ila woga. Hajui kukataa, hajui kuchagua, hajui hata kumtambua mtu anayemdanganya. Sitasimulia yanayofuata. Nitasema tu kwamba nilipomaliza kusoma, mama alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Ule baba njo aliharibisha mutoto." Jirani mmoja, baba wa mabinti wanne, hakusema neno, lakini kesho yake alikuja kukiazima.

Kitabu hiki kilipotoka kilizuiwa mashuleni Tanzania, kwa kuwa kinazungumzia mapenzi na miili waziwazi. Mtoto wa miaka kumi asipewe. Wa miaka 15 apewe, na mzazi asome kabla yake, ili wakikutana mezani wawe na la kuzungumza.

2. Kuli, Adam Shafi (1979)

Nimekiweka cha pili, na kuna siku nakiona cha kwanza. Kinasimulia habari za Rashidi, mbeba mizigo katika bandari ya Unguja, na mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Kwa nini mtu wa Lubumbashi, asiyekuwa na bahari, asome habari za bandari? Kwa sababu mji wetu nao ulijengwa na migongo ya watu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira hapa hapa mjini, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akauawa. Wazee walikuwa wakituhadithia hayo kwa sauti ya chini. Riwaya ya Shafi haitaji Katanga, mkoa wetu, hata mara moja, lakini anayeijua siku ile ya 1941 ataisoma akiwa amekaza meno.

Kuna kitu kingine ninachokipenda humo. Shafi hamfanyi Rashidi kuwa shujaa tangu ukurasa wa kwanza. Tunamwona kwanza mtu wa mizigo na ulevi, mwenye njaa na hasira asiyojua aielekeze wapi, na kidogo kidogo anaanza kuelewa nani anafaidika na jasho lake. Mpe kitabu hiki mchimbaji, dereva wa lori, mwenye kusukuma mkokoteni sokoni. Watu hao hawapewi riwaya, na ni kosa letu sisi tunaonunua. Maneno ya bandarini na ya kipwani yatakusumbua kidogo. Soma mbele tu, maana yake utaipata njiani.

3. Peponi, Abdulrazak Gurnah (1994, kwa Kiswahili 2022)

Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya aliiandika kwa Kiingereza kwa jina la *Paradise*, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam ndio waliochapa. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Aziz si ami yake: baba ana deni, na mtoto ndiye rehani. Baadaye anaingizwa katika msafara wa biashara unaokwenda bara, ndani kabisa.

Sisi ndio tuliokaa huko "bara, ndani kabisa". Msiri, aliyekuja kuwa mfalme huku kwetu, alitoka Unyamwezi kwa njia hizo za biashara akaweka makao Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, na Kiswahili kilifika kwetu kwanza na misafara, kabla migodi haijakifanya lugha ya mji mzima. Kwa hiyo tunasoma kitabu hiki tukiwa upande ule ambako msafara unaelekea. Na tafsiri hii ina faida ambayo tafsiri chache zinayo: watu wa riwaya wanasema lugha ambayo kwa kweli wangeisema. Kama utapata toleo la Kifaransa tu, *Paradis*, linunue bila wasiwasi, ila ukiweza kungoja Kiswahili, ngoja.

Kabla ya kwenda kwenye Kifaransa: vitabu hivi vinapatikana wapi?

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Madukani kwetu riwaya ya Kiswahili ni nadra. Njia inayofanya kazi ni ile ile ya vitenge na vipuri: barabara ya Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, Dar es Salaam. Kuna mama au kaka katika mtaa wako anayekwenda Dar kununua mali. Mwandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na pesa umpe mapema. Akifika aende TPH (Tanzania Publishing House), duka la vitabu la barabara ya Samora. Riwaya ni nyepesi kuliko jozi ya viatu, haiongezi kitu kwenye mzigo wake. Mimi huagiza mbili kwa mara moja na jirani, kisha tunabadilishana.

Vitabu vilivyotumika vinavyotandazwa barabarani katikati ya mji ni vya bei nafuu, na humo nimepata hazina. Lakini vikague. Unajua jinsi muuzaji anavyoinua noti ya dola juani kutafuta mchaniko? Kitazame kitabu hivyo hivyo. Fungua mwanzo, katikati na mwisho, uangalie namba za kurasa. Niliwahi kununua riwaya nzuri barabarani, nikaifikia sehemu ya mwisho usiku, nikakuta kurasa 12 hazipo. Nilikaa karibu miaka miwili bila kujua ilimalizikaje. Angalia pia kama ni fotokopi: herufi za pembeni hukatwa, na wino hufutika kidoleni. Na usome vizuri jalada, maana baadhi ya matoleo ya wanafunzi yamefupishwa, na neno hilo huandikwa kwa herufi ndogo sana.

4. Entre les eaux, V. Y. Mudimbe (1973)

Mudimbe ni wetu: alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, siku moja kabla ya risasi za uwanjani nilizozitaja. Alifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi miaka ya 1970, akaenda kuishi Marekani, na alifariki mwaka 2025. Kijana anayemaliza masomo katika mji huu bila kumsoma hata mara moja amenyimwa kitu chake.

Pierre Landu ni padri Mkongomani aliyesoma Ulaya. Anaacha parokia na kuingia msituni kwa waasi, akitafuta Injili iliyo upande wa maskini. Waasi hawamwamini kwa kuwa ni padri, Kanisa limempoteza, naye hajui tena sala yake inakwenda kwa nani. Ni kitabu cha mtu mmoja anayejihoji, kwa hiyo hakisomeki kwa sauti penye majirani. Nilijaribu, mama akalala. Lakini kwa aliyemaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, na zaidi kwa aliyewahi kupita seminarini, sijui riwaya ya Kikongomani inayogusa ndani zaidi. Si nene. Kisome polepole, Jumapili mchana.

5. Tram 83, Fiston Mwanza Mujila (2014)

Mwandishi alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na sasa anaishi Graz, Austria. Mji wa riwaya hautajwi kwa jina, lakini stesheni, wachimbaji, wanafunzi, wasichana wa baa na matajiri wa kigeni, hao tunawajua. Lucien anataka kuandika. Rafiki yake Requiem anataka kuishi kwa njia yoyote. Kitabu kinakwenda kama muziki wa usiku, kwa kurudiarudia na kukatizana, na ukitafuta hadithi iliyonyooka utachoka. Kilipata tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015 na kimetafsiriwa kwa lugha nyingi. Kwa kipimo changu kimeshuka hadi hapa, kwani si kitabu cha kusomea watoto na mama mkwe, na kwa sababu huchapwa Ulaya bei yake ni kali. Jiandikishe kwanza katika maktaba ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa hapa mjini, uliza kama wanacho, ukiazime. Ukikipenda, ndipo utoe pesa.

6. Zamenga Batukezanga, kwa anayeanza

Kama kuna mtu nyumbani anayeogopa kitabu, hasa mwanafunzi ambaye Kifaransa chake bado kinachechemea, mchukulie *Carte postale* au *Les hauts et les bas*. Zamenga (1933–2000) aliwaandikia watu wa kawaida, kwa sentensi rahisi, kuhusu ndoa, uchawi, ukoo na wanaorudi kutoka Ulaya. Vitabu vyake vilichapwa Kinshasa na ni vyembamba. Ulizia kwenye maduka ya vitabu ya Kikatoliki.

Nilivyoviacha nje

*Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) ilikosa nafasi kidogo tu. Kijana anayemtafuta baba yake ataipenda, na wako wengi. *Une si longue lettre* ya Mariama Bâ, riwaya iliyoandikwa kama barua, nashauri wanawake walioolewa waisome wakiwa wawili, kila mmoja akijibu barua hiyo kwa maisha yake. *Nagona* ya Kezilahabi ni ndogo na inavutia kwa wembamba wake, lakini usiifanye riwaya yako ya kwanza. Ni ngumu mno, itakufukuza.

Watu huniuliza pia kama ipo riwaya iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu sisi, cha mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Nilichonacho cha karibu zaidi si riwaya: ni *Vocabulaire de ville de Elisabethville* (jina la zamani la Lubumbashi), kijitabu cha mwaka 1965 kilichoandikwa na André Yav kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu, wakisimulia historia ya mji kwa lugha yao wenyewe. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimsikia babu yangu. Riwaya ya namna hiyo naitamani sana, na siku itakapotoka nitaiweka namba moja bila kungoja.

Jambo la mwisho ni la kalamu. Ukinunua, andika jina lako ndani ya jalada, na kila anayeazima aandike lake chini yako pamoja na tarehe. *Kuli* yangu ina majina 17. La mwisho liliandikwa mwezi wa nne. Kitabu kiko mtaa wa Ruashi, na nimesikia aliyekiazima amekwisha kimaliza, sasa anamsomea baba mkwe wake.